Sura ya Saba: Dirisha Linalouona Mnara

Karibu kila nyumba ya kupanga kule Yamumbi ina dirisha moja ambalo mtandao hupitia vizuri kuliko pembe nyingine yoyote ya ndani. Wanaoishi humo wanalijua hata kama hawajawahi kulitaja. Hapo ndipo simu huachwa usiku, ndipo mwanafunzi wa chuo huegemea akituma kazi ya mhadhiri, na hapo ndipo kifaa cha hotspoti kinastahili kukaa. Ukishaelewa kwa nini dirisha hilo ni hilo, sehemu kubwa ya sura hii umeipata. Mambo ya nywila na mipangilio ni kazi ya dakika chache.

Yamumbi iko viungani mwa Eldoret, upande wa Langas, katika eneobunge la Kapseret. Ni mahali ambapo shamba la mahindi na ploti ya vyumba vya kupanga hutenganishwa na ua tu. Eldoret ilitawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, lakini jiji halifiki kila mlango siku moja. Faiba hufuata wateja waliosongamana: majengo ya katikati ya mji kwanza, kisha mitaa yenye ghorofa na wapangaji wanaolipa kila mwezi bila kukosa. Aliye kando ya barabara ya udongo, nyuma ya mahindi ya jirani, huambiwa asubiri. Na kazi zake hazisubiri. Ripoti ya ushuru lazima iingie kwenye iTax kabla ya Juni 30 kuisha. Mkopo wa HELB huombwa mtandaoni, nafasi ya chuo huchaguliwa kupitia KUCCPS, na leseni ya kuendesha gari hulipiwa kwenye eCitizen. Zamani hayo yote yalikuwa mambo ya saiba: unapanda matatu hadi mjini, unapanga foleni, unamtajia kijana wa saiba nywila yako mbele ya watu. Siku hizi kifaa kinachotosha mfukoni kinaweza kuifanya meza ya kulia chakula kuwa ofisi, mradi kiwekwe panapofaa.

Ndani ya kifaa hicho mna redio mbili. Ya kwanza inaongea na mnara, lile busta lililosimama juu ya mlima mdogo au kando ya shule. Ya pili inaongea na simu na kompyuta zilizo chumbani. Hiyo ndiyo Wi-Fi. Watu wengi huitazama ya pili wakaisahau ya kwanza. Unafungua kompyuta, unaona mistari yote ya Wi-Fi imejaa, kisha ukurasa unazunguka mpaka chai inapoa, na lawama zote zinamwendea aliyekuuzia kifaa. Mistari hiyo ilikuambia jambo moja pekee: kwamba kompyuta na kifaa viko karibu. Kuhusu safari ya kutoka kifaani hadi kwenye mnara haikusema lolote, na shida ya Yamumbi iko kwenye safari hiyo.

Baada ya mnara, njia ni ndefu. Data hupitia kebo za faiba au redio za masafa marefu hadi kwenye vituo vikuu, ikateremka Mombasa, kisha ikaingia baharini. Kebo ya SEACOM na ile ya TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, zote zilifika Kenya mwaka wa 2009. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na bei ilikuwa ya kuogofya. Nayataja haya kwa sababu moja. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa Afrika, na mtandao ukawa wa kusuasua kuanzia Dar es Salaam hadi bonde la Ufa. Siku kama hiyo unaweza kukihamisha kifaa chako dirisha hadi dirisha bila kupata nafuu. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuhamahama, muulize jirani aliye kwenye laini ya kampuni nyingine kama kwake kuko sawa.

Turudi dirishani. Bati ni chuma, na mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma, hurudishwa yalikotoka. Chumba chenye kuta za mabati, paa la mabati na mlango wa chuma kimefungwa pande zote isipokuwa pale penye kioo au ubao. Nyumba ya mawe ni afadhali, lakini ukuta mnene wa mawe ya machimbo nao hula sehemu kubwa ya mawimbi, na kila ukuta wa ndani huongeza hasara. Ndiyo maana kifaa kilichowekwa katikati ya nyumba "ili kila mtu apate" mara nyingi kinawapa wote kidogo. Afadhali kikae pembeni kabisa, kwenye dirisha linalouona mnara, na Wi-Fi ivuke chumba kuwafikia watu. Umbali wa mita 10 ndani ya nyumba si kitu kwa redio ile ya pili. Mnara ulio kilomita 2 au 3 nyuma ya bati ni mzigo mzito kwa ile ya kwanza.

Dirisha hutafutwa kwa namba. Karibu kila kifaa cha aina hii kina ukurasa wake wa mipangilio unaofunguliwa kwa kuandika anwani kwenye kivinjari: 192.168.8.1 kwa vifaa vingi vya Huawei, 192.168.0.1 kwa vingi vya ZTE, na vinginevyo imeandikwa kwenye kibandiko chini ya betri. Humo ndani, kwenye habari za kifaa, tafuta namba iitwayo RSRP. Ni namba ya hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu ya mnara inavyokufikia vizuri. Hasi 80 ni neema. Hasi 100 utafanya kazi. Ikishuka kupita hasi 110, utapata jumbe za WhatsApp na subira. Kipimo hiki hakipandi kama bei ya sukari: kila hatua ya 10 ni nguvu mara 10. Kutoka hasi 105 juu ya kabati hadi hasi 95 dirishani, umbali wa hatua nne, umepata nguvu mara 10 bila kununua chochote. Ukiona pia namba iitwayo SINR, hiyo inapima usafi wa mawimbi, yaani jinsi mnara wako unavyosikika katikati ya kelele za minara mingine. Ikiwa juu ya 10 furahi. Ikiwa chini ya sifuri, geuza kifaa au jaribu upande mwingine wa nyumba, hata kama RSRP ya huko ni ndogo kidogo.

Kama kifaa bado hujakinunua, tumia simu kupeleleza. Simu nyingi za Android huonyesha nguvu ya mnara kwa dBm, namba zile zile za hasi, katika mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kwenye hali ya laini. Zunguka nyumba polepole, simama kila dirisha kwa dakika nzima maana namba huchelewa kutulia, na uandike. Fanya hivyo ukiwa na laini za kampuni mbili ukiweza. Kuna ploti ambazo dirisha la mashariki ni la Safaricom na la magharibi ni la Airtel, kwa sababu tu minara yao imesimama pande tofauti. Ushauri wa rafiki anayekaa Langas kuhusu kampuni "yenye mtandao mzuri" hauna thamani kubwa kwako. Yeye anauona mnara mwingine.

Ukishapata dirisha, lazima nyumba nzima ijue ni dirisha la nini. Mazungumzo kama haya yameshasikika katika nyumba nyingi:

"Mama, nani ameitoa hapa?"

"Ni mimi. Mvua ilikuwa inaingia, nikaiweka juu ya kabati."

"Kabati liko nyuma ya bati, mama. Pale haioni kitu."

"Sasa ikinyesha tena?"

"Wewe funga dirisha tu, uiache hapo hapo. Kioo hakiizuii."

Mama ana hoja kuhusu maji, na kijana ana hoja kuhusu kioo, ila kioo cha kawaida. Vile vioo vya kung'aa kama miwani ya jua, ambavyo sasa vinapendwa kwenye nyumba mpya, vina utando mwembamba wa metali, navyo hupunguza mawimbi karibu kama bati. Hali kadhalika karatasi za fedha zinazowekwa chini ya paa kuzuia joto.

Mvua yenyewe inasingiziwa mengi. Eneo hili la Uasin Gishu hunyeshewa kwa nguvu kuanzia Aprili hadi Septemba, mara nyingi alasiri, wakati mwingine kwa mvua ya mawe, na kila mtu ataapa kwamba mtandao hupotea wingu likitanda. Lakini matone ya mvua hayasumbui masafa ya chini yanayotumiwa na simu, yale ya 800 au 1800 MHz. Kinachotokea ni mambo mengine yanayofuatana na mvua. Stima hupotea na mnara huanza kuishi kwa betri zake. Redio za masafa ya juu zinazounganisha mnara na mnara, ambazo kweli huathiriwa na mvua nzito, hupungua kasi. Na watu wote waliokuwa shambani, sokoni na barabarani huingia ndani kwa pamoja na kufungua simu zao. Ukipima RSRP wakati huo utakuta ni ile ile ya asubuhi.

Jioni ni vivyo hivyo. Mnara una uwezo wenye kikomo, na kuanzia saa moja hadi saa nne usiku kila mtu wa Yamumbi anaugombania. Namba zako zitabaki nzuri na kasi itashuka. Hapo hakuna dirisha la kukuokoa. Mwenye faili kubwa la kupakua akilipangia saa kumi na moja alfajiri, jogoo wakiwa ndio pekee walio macho, ataona tofauti ambayo hakuna kifaa cha bei yoyote kingemnunulia.

Sasa kifaa chenyewe. Ya kwanza kufikiriwa ni simu uliyo nayo tayari. Android imekuwa na hotspoti tangu 2010, iPhone tangu 2011, na kwa mtu anayetuma barua pepe mara moja moja hakuna haja ya kununua kitu kingine. Mapungufu yake huonekana kazi ikirefuka. Simu hupata moto, betri huisha, na ukitoka kwenda dukani unaondoka na mtandao wa nyumba nzima mfukoni. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalijui: kama simu yako haijawashwa huduma ya kupiga kupitia 4G, basi shangazi akipiga, laini inarudi kwenye 3G au 2G mpaka mazungumzo yaishe, na mkutano wako wa video unaganda naye akikuuliza habari za ng'ombe. Kwa anayetumia simu na kompyuta moja tu, dawa nzuri ni kebo ya USB. Washa usambazaji wa mtandao kwa USB badala ya Wi-Fi; simu inachajiwa huku inafanya kazi, na muunganisho unatulia zaidi.

MiFi, kile kijisanduku kinachobebeka, kilianza kuvuma 2009 kampuni ya Novatel Wireless ya Marekani ilipotoa cha kwanza kwa jina hilo. Leo vya Huawei, ZTE na wengineo vimejaa katika maduka ya simu mjini Eldoret, vipya na vilivyotumika. Maswali ya kumuuliza muuzaji ni mawili. La kwanza: kimefungiwa laini ya kampuni moja, au kinakubali yoyote? Vilivyofungiwa huuzwa rahisi, na ni sawa ukiwa na hakika kwamba mnara wa kampuni hiyo ndio unaouona dirishani kwako. La pili: kinashika bendi zipi za 4G? Kwa Kenya unataka bendi ya 3 na ya 20, na kama unakusudia kutumia mtandao wa simu uitwao Faiba, lazima pia iwe na ya 28, kwa kuwa mtandao huo uliozinduliwa Desemba 2017 ulijengwa kwenye masafa ya 700 MHz.

Swali hili la bendi huwakwaza hasa wenye jamaa ng'ambo, na Eldoret, mji wa wakimbiaji na wanafunzi, umejaa watu wenye jamaa ng'ambo. Binamu anarudi Krismasi na MiFi ya Verizon kutoka Marekani, kizuri, kipya, ndani ya boksi. Kinawaka, kinasoma laini, kisha hakioni 4G yoyote, kwa sababu kiliundwa kwa bendi za huko, kama ile ya 13, ambazo hapa hazitumiki. Hakuna fundi atakayekibadilisha. Mshukuru binamu, ukiweke.

Kuwasha kifaa kinachofaa hapa hakuhitaji fundi. Zima kifaa, ingiza laini, washa, subiri taa ya mtandao itulie. Kwenye simu yako utaona jina la Wi-Fi lililoandikwa kwenye kibandiko, na nywila yake hapo hapo. Kama kinaunganika lakini hakipitishi data, tatizo mara nyingi ni APN, ule mlango wa kuingilia mtandao wa kampuni: kwa Safaricom andika "safaricom", kwa herufi ndogo. Halafu badilisha vitu viwili kwenye ukurasa wa mipangilio: nywila ya Wi-Fi, na nywila ya kuingilia ukurasa wenyewe, ambayo kiwandani mara nyingi huwa "admin" na ambayo kila mtoto wa kidato cha pili anaijua. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Ukipewa uchaguzi wa masafa ya Wi-Fi, 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, 5 GHz ni ya kasi ukiwa chumba kimoja na kifaa. Katika ploti yenye vyumba 12 na Wi-Fi tano, ile ya 5 GHz ina utulivu ambao nyingine imeupoteza.

Laini ya kuingiza isiwe ile ya M-Pesa yako. Ujumbe wa kuthibitisha malipo na namba za siri za benki zitafikia kijisanduku badala ya mkono wako, na kijisanduku hakiwezi kuandika PIN. Sajili laini nyingine kwa jina lako, iwe ya data tu, na uinunulie bando kutoka kwenye simu yako kupitia *544# kwa Safaricom, ambako kuna nafasi ya kumnunulia mwingine.

Na hapa tunafika penye uvujaji. Anayehamia kwenye hotspoti kutoka simu peke yake hushangaa bando la wiki likiisha kwa siku moja, akaamua kwamba kampuni imemwibia. Mara nyingi mwizi ni kompyuta yake. Simu ikiwa kwenye data yake yenyewe hujibana: haipakii picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, haisasishi programu mpaka ipate Wi-Fi. Sasa hotspoti *ni* Wi-Fi machoni pa vifaa hivi. Kompyuta ya Windows ikiiona hudhani imefika nyumbani kwa tajiri. Inaanza kuvuta masasisho ya gigabaiti kadhaa, OneDrive inaamka, simu ya mtoto inapakia video 200 za harusi, na runinga janja inasasisha programu ambazo hakuna anayezitumia. Yote kimyakimya, nawe unaandika barua ya kilobaiti 40.

Tiba iko kwenye kila kifaa, na lazima ifanywe kwenye kila kifaa. Kwenye Windows, fungua sifa za mtandao huo wa Wi-Fi na uutie alama kwamba ni muunganisho wenye kipimo. Kwenye Android, gusa jina la Wi-Fi na ueleze kwamba mtandao huo unapimwa. Kwenye iPhone washa hali ya matumizi madogo ya data kwa mtandao huo. Ndani ya WhatsApp, zuia picha na video zisijipakue zenyewe zikiwa kwenye Wi-Fi. Wengi wamezuia upande wa data ya simu pekee. Kisha weka kikomo cha mwezi kwenye ukurasa wa kifaa, kikuonye ukifika asilimia 80 ya bando.

Baada ya hapo, kinachobaki ni video, na video inahesabika. Kwa makadirio, saa moja ya YouTube kwa ubora wa 480p hula karibu nusu gigabaiti. Ukiiachia ipande hadi 1080p, itakula mara tatu au zaidi. Mkutano wa video wa watu wengi ni karibu gigabaiti moja kwa saa, na ukizima kamera yako na kuomba sauti tu, unashuka hadi sehemu ndogo ya hiyo. Kuandika, kusoma na kujaza fomu ni vijisenti. Fomu ya iTax haijawahi kumfilisi mtu. Kipindi cha tamthilia cha usiku ndicho kinachofilisi.

Jirani atakuja. Yamumbi ni mahali pa kukopeshana chumvi, na nywila huombwa kwa sauti ile ile. Mawazo yangu ni kwamba hotspoti ni kama mfereji wa ploti: maji ni yale yale, na kila ndoo inayoongezwa chini yake hujaa polepole zaidi. Vifaa vingi hupokea simu na kompyuta 10 hadi 32, lakini namba hiyo ya kwenye boksi inaeleza wangapi wanaweza kuunganishwa, haielezi wangapi watafurahi. Kwa mnara wa kawaida jioni, watu watatu au wanne wanaofanya kazi kwa bidii wanatosha. Vifaa vingi vina Wi-Fi ya pili ya wageni: wape hiyo, yenye nywila yake, uizime unapotaka bila kumwambia mtu hapana usoni.

Kuna jingine zito zaidi. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo lolote litakalofanywa kupitia kwayo litaanza kuulizwa kwako. Na anayetaka kugeuza mgao huo kuwa biashara, shilingi kadhaa kwa siku kwa kila chumba, ajue kwamba kuuza huduma ya mtandao nchini kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Wengi huuza bila hiyo. Mimi nisingefanya hivyo.

Lililobaki ni stima, na katika kuunda vifaa vinavyostahimili kukatika kwa stima Kenya ina historia yake, iliyoanzia kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Desemba 30, 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku mbili baadaye, Kiambaa, kijiji cha viungani mwa Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo. Yamumbi yenyewe ni mojawapo ya majina yaliyoandikwa kwenye mashtaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kuhusu ghasia hizo, kesi iliyosimamishwa Aprili 2016. Katika siku hizo za giza la habari, Januari 2008, kundi dogo la waandishi wa mtandaoni na waundaji wa programu, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, lilianzisha Ushahidi: ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za wananchi kuhusu mahali palipoathirika.

Miaka mitano baadaye, ndani ya Ushahidi, kulichomoza swali la kifundi. Kwa nini watu wanaofanya kazi Nairobi walazimike kutumia ruta zilizoundwa kwa ajili ya miji ambako stima haikatiki? Jibu lilikuwa BRCK, sanduku jeusi lenye ukubwa wa tofali, lililochangiwa na umma mwaka wa 2013 kwa zaidi ya dola 170,000 na kuanza kupelekwa kwa wateja 2014. Ndani yake mlikuwa na betri ya saa nane na nafasi ya laini ya simu. Lilikubali umeme usiotulia, wa gari au wa sola, na liliweza kuhama lenyewe kutoka kebo hadi mtandao wa simu kebo ikikatika. Mwaka wa 2015 wazo lilipanuliwa kuwa Kio Kit, sanduku la kusafiria lenye tableti 40 kwa ajili ya darasa. Leo MiFi yoyote ya bei nafuu inafanya sehemu kubwa ya kazi ile. Lakini waliofikiria kwanza kwamba kifaa cha mtandao kiundwe kwa nchi ambako stima hupotea walikuwa hapa kwetu.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, wenye hotspoti zenye betri waliendelea kwa muda, kwa kuwa minara nayo ina betri na jenereta zake. Kwa kukatika kwa kawaida, hesabu ni rahisi. MiFi ndogo hutumia wati 2 hadi 3. Betri yake ya ndani, kama mAh 2,000 na ushei, itakupa saa tatu hivi za matumizi. Pawabenki ya mAh 10,000 inabeba takriban wati-saa 37. Ukiondoa zinazopotea njiani, itakiendesha kijisanduku saa kumi au zaidi. Paneli ndogo ya sola inayochaji simu itaichaji pawabenki hiyo mchana, na usiku hauhitaji kuhesabu dakika.

Kinachoua betri za vifaa hivi ni joto na kuchajiwa bila kukoma. Eldoret, katika mwinuko wa karibu mita 2,100, ina baridi ya usiku inayodanganya. Jua lake la mchana dirishani ni kali, na kifaa kinachofanya kazi kina joto lake tayari. Pazia jepesi la kitambaa linatosha kukikinga, nalo halizuii mawimbi. Kisikae juu ya runinga wala juu ya chaja yake. Kama kinabaki kwenye umeme siku zote, angalia kwenye maelezo kama kinaweza kufanya kazi betri ikiwa imetolewa. Vingine vinaweza, vingine havikubali. Na ukiona kifuniko cha nyuma kimeanza kubinuka, betri imevimba: kizime, itoe, usiitoboe wala kuitupa motoni, uende nayo kwa fundi akuuzie nyingine yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake.